Kijiji cha Wavuvi kwenye Mdomo wa Semliki

Mazungumzo ya Jumapili jioni. Tumeyachapa kwa ajili ya wapendwa waliokosa umeme au betri siku ile, na kwa vikundi vya maombi vilivyotuomba maandishi.

Tunawasalimia ninyi nyote mnaotusikiliza Butembo, Beni, Oicha, Kyondo, Lubero na Kasindi, na kwa namna ya pekee tunawasalimia ndugu zetu wa Kyavinyonge, ambao jioni kama hii wanaandaa nyavu zao na redio iko kando, juu ya mbao ya pirogi. Leo tutazungumza juu yenu. Mara nyingi tunawataja ninyi watu wa ziwa wakati wa shida tu: pirogi imezama, wavuvi wamekamatwa, risasi zimesikika. Leo tunataka kuwataja kwa sababu nyingine.

Mama anayenunua samaki sokoni Butembo anauliza mambo mawili: bei, na kama samaki amelala. Hayo ni maswali mazuri, nyumba haiendeshwi bila hayo. Lakini kuna swali la tatu ambalo watoto wetu hawajafundishwa kuliuliza, yaani ni akina nani walianza kuvua pale, na tangu lini. Tunawajua watoto wa sekondari hapa mjini wanaoweza kutaja mito ya Ufaransa bila kukosea, lakini ukiwaambia neno Ishango wanafikiri ni jina la bia au la mwanamuziki. Wazungu wa hesabu huko Ulaya na Marekani wanalijua neno hilo. Sisi tunaokaa juu ya mlima, na ziwa liko pale chini, hatulijui.

Mnakumbuka Yoshua alivyofanya baada ya kuvuka Yordani. Aliagiza mawe 12 yatolewe katikati ya mto, yakasimamishwa Gilgali, kusudi siku moja mtoto ayaone na kumuuliza baba yake. Angalieni utaratibu ule: jiwe linasimama, mtoto anauliza, mzazi anajibu. Kwetu jiwe liko, tena limekuwepo siku nyingi kupita kiasi. Mzazi ndiye hana jibu. Basi jioni hii tunataka kumpa mzazi la kujibu.

Tuanze na mahali penyewe. Ziwa Edouard, au Edward kama jirani zetu wa Uganda wanavyoandika, liko chini ya milima yetu, kwenye kimo cha mita 900 na kidogo. Ukubwa wake ni kilomita za mraba kama 2,300, na sehemu kubwa yake iko upande wa Congo. Mito mingi inaingia, lakini unaotoka ni mmoja tu: Semliki. Unatokea kwenye pembe ya kaskazini ya ziwa, na pale unapotokea ndipo panapoitwa Ishango. Kyavinyonge iko karibu hapo, kwenye ufuko huohuo wa kaskazini.

Jina la ziwa lenyewe lina habari yake. Stanley alipopita huku mwaka 1889 alilipa jina la mtoto wa Malkia Victoria wa Uingereza, mwana wa mfalme ambaye hakuwahi kuonja hata tilapia mmoja wa pale. Mwaka 1973 Mobutu alilibadilisha, akalipa jina la rafiki yake Idi Amin Dada. Amin alipoanguka mwaka 1979, jina la mwana wa mfalme likarudi. Majina mawili ya wakubwa, na hakuna hata mmoja aliyetupa wavu humo. Wazee wa pande hizi wana jina lao, Rwitanzige au Rutanzige, ambalo wengine wanalieleza kuwa ni muuaji wa nzige. Jina hilo halikufa.

Sasa fuateni maji. Semliki inatoka Ishango, inashuka kando ya Ruwenzori, inapita chini ya Beni, inaingia Ziwa Albert. Kutoka Ziwa Albert maji yanashika njia ya Nili: Uganda, Sudan Kusini, Sudan, hadi Misri na bahari ya Mediterania. Kwa hiyo maji yanayopita miguuni mwa mvuvi wa Kyavinyonge yanaenda kuchanganyika na mto ule ambao Musa aliwekwa kando yake ndani ya kikapu. Tunawaambia hili si kwa kutaka kutengeneza ufunuo mpya, maana hapo ndipo wengine wetu wanapotelea. Tunawaambia kwa sababu ni jiografia tu, na ni jiografia yetu. Mtoto wa shule ya Jumapili akiichora ramani ya Misri, anaweza kuendelea kuuchora mto kwa kalamu ileile mpaka afike nyumbani kwa shangazi yake.

Mwaka 1950, Mbelgiji mmoja mtaalamu wa mawe na udongo, Jean de Heinzelin de Braucourt, alikuja Ishango kuchimba. Wakati ule pale palikuwa ndani ya Parke Albert. Akachimba kwenye ukingo juu ya maji, tabaka baada ya tabaka. Akakuta mifupa ya samaki, mingi. Akakuta vipande vya mawe ya kwatsi vilivyochongwa kwa ajili ya kukata, mawe ya kusagia, na mifupa ya watu. Na akakuta vichwa vya chusa, yaani ile mikuki ya kuvulia, iliyochongwa kutoka mifupa ya wanyama na kutiwa meno ya kunasa, ili samaki akichomwa asichomoke. Katika tabaka za chini, chusa zina meno pande mbili. Katika tabaka za juu, zina meno upande mmoja. Maana yake watu hawakupita tu siku moja kwa bahati. Walikaa, wakavua, wakaona chombo hiki kinaweza kutengenezwa vizuri zaidi, wakakibadilisha, na watoto wao wakafuata. Kile kilikuwa kijiji cha wavuvi, kama Kyavinyonge.

Ni zamani gani? Kwanza de Heinzelin alifikiri ni miaka elfu chache. Wataalamu waliorudi pale katika miaka ya 1980 walipima upya, na leo wanasema ni kama miaka 20,000 au zaidi. Tena chini kidogo kwenye Semliki, mahali panapoitwa Katanda, wakapata chusa nyingine za mifupa pamoja na mifupa ya kambale wakubwa, na mwaka 1995 wakatangaza kwamba umri wake ni kama miaka 80,000 au 90,000. Hesabu hiyo ilishtua wengi, maana wakati ule walizoea kufundisha kwamba vyombo stadi kama hivyo vilianzia Ulaya, na tena baadaye sana. Tunajua kwamba baadhi yenu mmeshaanza kuhesabu vizazi vya kitabu cha Mwanzo kwa vidole na kuona havitoshi. Wapendwa, jioni hii hatutaingia katika ubishi huo. Tuna saa moja tu na betri ya studio si nzuri. Chukueni hili moja ambalo hakuna anayelibisha: kwenye mdomo wa Semliki watu walikuwa wakivua samaki kwa akili nyingi sana kabla ya mtu yeyote kulijua jina la Ulaya.

Katika vitu alivyovitoa udongoni kulikuwa na kimoja kidogo. Mfupa wa mnyama, urefu wake kama sentimita 10, rangi ya kahawia iliyokolea, na kwenye ncha yake kimekazwa kipande cha kwatsi, kama kisu kidogo au kalamu ya kuchorea. Juu ya mfupa huo kuna mikwaruzo, mistari mifupi iliyokatwa kwa makusudi, imepangwa safu tatu, na ndani ya kila safu imegawanywa katika mafungu.

Aliye na kalamu na aandike, na aliye na watoto karibu awaite, maana hesabu hii watoto wanaipenda kuliko sisi.

Safu ya kwanza ina mafungu manne: 11, 13, 17, 19. Jumlisha. Inakuwa 60.

Safu ya pili ina mafungu manne pia: 11, 21, 19, 9. Jumlisha. Inakuwa 60 tena.

Safu ya katikati ni hii: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Inakuwa 48.

Sasa tazameni. Katika safu ya katikati, 3 imefuatwa na 6, ambayo ni mara mbili yake. 4 imefuatwa na 8, mara mbili yake. Halafu 10 imefuatwa na 5, nusu yake. Katika safu ya pili, 11 ni kumi na moja juu yake, 21 ni ishirini na moja juu yake, 19 ni ishirini pungufu moja, 9 ni kumi pungufu moja. Na ile ya kwanza, 11, 13, 17, 19, mwalimu wa hesabu atawaambia kwamba hizo ndizo namba kati ya 10 na 20 zisizogawanyika kwa namba nyingine yoyote ila kwa moja na kwa zenyewe. Ziko zote nne, hakuna iliyosahauliwa.

Je, mtu yule alikuwa anajua hayo yote, au ni bahati? Hapo wataalamu wanagombana mpaka leo. De Heinzelin mwenyewe, alipoandika habari hizi mwaka 1962 katika gazeti kubwa la sayansi la Marekani, aliona humo mchezo wa hesabu, na akafikiri ujuzi wa Ishango huenda ulishuka na mto kuelekea Misri. Mmarekani mmoja, Alexander Marshack, aliutazama mfupa kwa kioo cha kukuza akasema ni kalenda ya mwezi: 60 ni karibu sana na siku za miandamo miwili. Mwalimu mwingine wa Marekani, mama Claudia Zaslavsky, akauliza ni nani mwenye sababu ya kuhesabu miezi kwa uangalifu kuliko wote, akajibu kwamba ni mwanamke, anayefuata siku za mwili wake. Wako na wengine wanaosema kwamba mistari hiyo ilikatwa tu ili mkono usiteleze wakati wa kushika.

Sisi si wataalamu, lakini tumekaa na wavuvi, na tunaona jambo moja ambalo hao wa Ulaya hawalitaji sana. Mvuvi ni lazima ahesabu. Anahesabu usiku usio na mwezi, maana nyavu zinashika vizuri usiku wa giza. Anahesabu samaki wakati wa kugawana na mwenye pirogi. Mwanamke anayemngoja ufukoni anahesabu naye, na mara nyingi hesabu ya mwanamke ndiyo inayoshinda! Kwa hiyo hatushangai kwamba moja ya hesabu za zamani kabisa zinazojulikana duniani imetoka kwenye kijiji cha wavuvi. Tungeshangaa kama ingetoka kwa mtu asiye na kitu cha kugawana.

Turuke miaka mingi, tufike kwa babu zetu. Upande wa pili wa ziwa, huko Uganda, kuna Katwe, na huko Katwe kuna ziwa dogo la chumvi. Kabla ya mzungu kuja, chumvi ya Katwe ilivuka maji ndani ya mitumbwi, ikapandishwa milimani kwa vichwa na migongo, na Wanande walishusha vyakula vya shamba kwenda kubadilishana. Stanley aliikuta biashara hiyo imeshapamba moto. Watu wa historia wakitafuta mzizi wa biashara ya Butembo, mji huu ambao haukujengwa na serikali wala kampuni kubwa bali na wauza duka wake, wanarudi kwenye njia hiyo ya chumvi. Kwa hiyo mwenye duka hapa, mwenye kuagiza mizigo kutoka Dubai na Guangzhou, babu yake wa biashara alikuwa mtu mwenye mzigo wa chumvi kichwani anayepanda kutoka ziwani huku akihema.

Halafu ikaja parke. Aprili 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji alianzisha Parke Albert, ya kwanza ya namna yake katika Afrika, na miaka iliyofuata ikapanuliwa mpaka ikalizunguka ziwa upande wetu na kuishika bonde la Semliki. Katika miaka hiyo pia ugonjwa wa malale ulikuwa unaua watu kandokando ya maji, na ukawa sababu mojawapo ya kuwaondoa wenyeji na kufunga uvuvi. Kwa hiyo kuna watu waliotoka ziwani wakiambiwa ni kwa ajili ya afya yao, na walipotaka kurudi wakakuta pameshakuwa pa wanyama. Jeraha hilo bado linaongelewa katika familia fulani. Hatulitaji ili kuwasha moto. Tunalitaja kwa sababu asiyelijua hataelewa kwa nini mzee wa Kyavinyonge akisikia neno parke anakunja uso hata kabla hujamaliza kusema.

Baadaye uvuvi ulifunguliwa tena kwa mpango. Kukawa na ushirika wa wavuvi, ule ambao wengi wenu mnaujua kwa jina la COPEVI, na zikaruhusiwa pesheri tatu: Vitshumbi kusini, Nyakakoma mashariki, na Kyavinyonge kaskazini. Kila moja ilipewa eneo lake dogo ndani ya parke, na idadi ya pirogi ikawekwa. Vilikuwa vijiji vidogo. Leo si vidogo tena. Watu wameongezeka kwa kuzaliwa, na zaidi kwa kukimbia: aliyechomewa nyumba pande za Beni, aliyepoteza shamba kwa sababu ya vita, anasikia kwamba ziwani mtu hakosi cha kutia chunguni, anashuka. Ni nani atamlaumu? Lakini ziwa halikuongezeka.

Tuzungumze juu ya viboko, hata kama mada hii haipendezi kwa mtu ambaye kiboko amekula mihogo yake. Katikati ya miaka ya 1970, parke hii ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 29,000, wengi kuliko mahali pengine popote katika Afrika. Walihesabiwa tena mwaka 2005 wakawa hawafiki 1,000. Waliliwa. Wenye bunduki wa kila jina, wa serikali na wa msituni, waliwaua kwa ajili ya nyama na meno. Na wavuvi wenyewe ndio walioanza kusema kwamba samaki wanapungua. Kwa nini? Kiboko anakula majani nchi kavu usiku, mchana anarudi majini, na mavi yake yanalisha vile vimelea vya kijani ambavyo tilapia anakula. Ukimwondoa kiboko umeondoa mbolea. Mwenye shamba la kahawa anaelewa jambo hili bila kuelezwa mara mbili. Walianza kuongezeka tena kidogo, halafu Aprili 2025 viboko wasiopungua 50 wakakutwa wamekufa kwa ugonjwa wa kimeta, miili yao ikielea majini upande wa kusini.

Jambo la pili ni nyavu. Pale Ishango, kwenye mdomo wa mto, na kwenye vidimbwi vya pembeni, samaki wanakuja kuzaa. Kila mvuvi wa zamani anajua kwamba hapo hapatupwi wavu. Leo unatupwa, tena wavu wa matundu madogo, na unaleta tilapia wa ukubwa wa kidole cha gumba. Wanakaushwa, wanapandishwa Butembo kwenye moto, wanauzwa kwa kikombe, na sisi wenye mshahara tunawanunua na kusema wako na kalsiamu. Mnunuzi yuko ndani ya kesi hii pamoja na mvuvi. Kama watu wa kanisa wangekataa kununua samaki wachanga kwa msimu mmoja tu, taarifa ingefika ufukoni haraka kuliko barua ya gavana.

Ya mpaka mnayajua. Juu ya maji hakuna ukuta, na usiku mvuvi anafuata samaki. Anajikuta amevuka, anakamatwa na askari wa Uganda, pirogi na motere vinachukuliwa, na mke wake anaanza kuzunguka kutafuta pesa za kumtoa. Mwaka 2018, mwezi wa saba, askari wa nchi mbili walipigana risasi ziwani na watu walikufa. Halafu mwaka 2024 vita vya M23 vilifika Vitshumbi, na familia nyingi za wavuvi zikashika njia. Baadhi yao wanaabudu nasi hapa mjini, wanaketi viti vya nyuma, na hawajazoea baridi yetu.

Na ule mfupa uko wapi? Uko Brussels, katika jumba la makumbusho la Taasisi ya Kifalme ya Sayansi ya Asili, ndani ya kioo. Watoto wa shule wa Ubelgiji wanapelekwa kuuona. Mara kwa mara kijana anatupigia simu studio akisema urudishwe kesho. Mwaka 2022 Ubelgiji ilitunga sheria juu ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa Congo kwa njia zisizo za haki wakati wa ukoloni, na mwaka huohuo jino la Patrice Lumumba, kitu pekee kilichobaki cha mwili wake, likakabidhiwa kwa familia na taifa. Kwa hiyo mlango si wa kufungwa kabisa. Lakini mfupa wa Ishango ulitolewa na mchimbaji wa serikali ya wakati ule, na karatasi zake ziko, kwa hiyo shauri lake ni tofauti na la kinyago kilichonyang'anywa kwa bunduki.

Mawazo yetu ni haya, na mtu anaruhusiwa kutupinga wiki ijayo. Mfupa ni wa kwetu, na neno hilo lisemwe wazi bila kuona haya. Kinshasa kuna jumba jipya la makumbusho ya taifa tangu 2019, na lina vioo na kufuli. Lakini kati ya Kinshasa na Kyavinyonge kuna umbali ambao mtoto wa mvuvi hataumaliza. Kwake Kinshasa na Brussels ni mamoja, kote ni ndege. Kinachowezekana leo, kabla ya mawaziri kukutana, ni mfano. Fundi wa mbao wa hapa Butembo, ambaye anachonga vitanda vya maua na kabati, hashindwi kuchonga kijiti cha sentimita 10 chenye mistari 168. Mwalimu akakiweka darasani. Tuliwaomba vijana wawili wa kwaya wajaribu juu ya kipande cha mti wa kawaida kwa kisu cha jikoni. Kazi ilichukua alasiri moja, na walipofika kwenye safu ya katikati walianza kubishana wenyewe kwa wenyewe kama ile 10 ni 10 au ni 9. Wataalamu nao wamebishana hapohapo.

Mfupa umeshahifadhiwa, lakini wazee wanaondoka. Kuna baba na mama waliozaliwa Kyavinyonge na Vitshumbi kabla ya uhuru, wengine wako hapa mjini katika nyumba za watoto wao, wamelala mapema, hakuna anayewauliza kitu. Wakiondoka, hakuna mtaalamu wa Brussels atakayechimba kichwa chao. Kwa hiyo tumeomba na kupewa: kila Alhamisi, baada ya maombi ya asubuhi, studio itakuwa wazi kwa wazee wa ziwa. Waleteni. Mama mjane asiyeweza kupanda ngazi atafuatwa nyumbani na kijana mwenye kinasa sauti. Wazungumze Kinande, wazungumze Kiswahili, wachanganye, hakuna shida.

Maswali tutakayowauliza tunayachapa hapa ili wajiandae. Majina ya samaki wote kwa Kinande, hata wale wasioonekana tena. Majina ya fuko na ghuba, kila moja, na kwa nini panaitwa hivyo. Wavu ulisukwa kwa nyuzi gani kabla ya nailoni kufika. Nani alikuwa na haki ya kusema leo hakuna kuvua, na watu walimtii kwa sababu gani. Chumvi ya Katwe ilipimwa kwa chombo gani. Mtu akizama, ufukoni kulifanywa nini siku ya kwanza, na siku ya tatu. Walihesabu vipi mwezi. Na kama kuna aliyewahi kumwona, au kusikia babu yake akimtaja, yule mzungu aliyekuwa akichimba pale juu ya maji na kukusanya mifupa ya samaki, watu walisema nini juu yake jioni walipokuwa wakila.